Karatasi Niliyoitundika Ukutani Nyamukola

Siku mliyoniaga mlinipa zawadi ya saa ya ukutani, kitu ambacho mtu aliyestaafu hana haja nacho, kisha mkanipa na kazi: niandike nilivyoishi na ufundi huu wa kupokea wageni kabla sijaja kwenu hotelini Bukavu. Saa nimeitundika hapa nyumbani, mtaa wa Kasha. Kila siku inakwenda mbele dakika kumi, kama vile ina haraka ya kuniona nimeondoka. Kazi mliyonipa ndiyo hii. Vyeo nitaviruka, havikuwa vingi. Nitaandika zaidi juu ya Nyamukola, kwa sababu yaliyofuata mliyaona wenyewe, na kwa sababu Nyamukola ndiko nilikokosea.

Nyamukola ni centre, mji mdogo wa wakulima, kwenye barabara ya Kamituga, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuteremka kuelekea Mwenga. Kulikuwa na soko siku mbili kwa juma, kanisa, ofisi ya chefu aliyetawala eneo lile, maduka machache, na mashamba ya kabichi, maharagwe na migomba yaliyofika mpaka kwenye kingo za barabara. Na kulikuwa na gîte, nyumba ya kulala wageni: ukuta wa matofali, vyumba vinne, baraza, na bomba la moshi ambalo watu walikuja kulitazama. Nyumba ilikuwa ya mzungu mmoja, mkulima wa miti ya kwinini, aliyehamia mjini na kuiacha ilaze wasafiri.

Nilifika hapo kama gérant, msimamizi wa nyumba, nimevaa tai. Ulikuwa mwanzo wa miaka ya Zaïre. Tai zilikuwa karibu kukatazwa na serikali, lakini habari hiyo ilikuwa haijamfikia baba yangu, ambaye alinifunga yangu kwa mikono yake. Nilikuwa nimemaliza sekondari na nilijiona karibu profesa. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mpishi, Papa Bisimwa, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani. Alinitazama shingoni kwa muda.

"Gérant," akasema, "na ile kamba, mbuzi yake iko wapi?"

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Hakujua kusoma, lakini aliyonifundisha ndiyo niliyowafundisha ninyi, ingawa niliyasema kama ni yangu. Kitanda alikipima kwa punje ya haragwe: anairusha katikati ya shuka, isiporuka unatandika upya. Juma langu la kwanza maharagwe yote ya Papa Bisimwa yalilala usingizi mzito. Pasi ya makaa, kabla haijagusa nguo, aliipitisha juu ya jani la mgomba, ili iteleze na ili masizi yabaki kwenye jani. Maji ya kuoga yalichemka kwenye pipa nyuma ya jikoni, na mgeni alipelekewa ndoo mbili, ya moto na ya baridi, ajichanganyie mwenyewe. "Usimuchanganyie mutu maji," alinionya. "Yakiwa mabaya atasema ni weye. Akijichanganyia atanyamaza."

Wageni wagumu hawakukosekana. Wafanyabiashara wa dhahabu wa Kamituga walikuwa watu wapole, ila hawakutaka chumba chao kifagiliwe. Mmoja alifagia mwenyewe asubuhi, taratibu, kona baada ya kona, akafunga takataka zote kwenye leso na kuondoka nazo. Papa Bisimwa alimtazama akipanda lori, akasema huyo ndiye mgeni safi kuliko wote aliowahi kupokea. Alikuja pia agronome mmoja kutoka mjini kufundisha watu kulima kabichi. Alimfundisha Mama M'Lugendo saa nzima, amesimama ndani ya shamba la mama huyo, na mchana akala kabichi ya shamba hilohilo sahani tatu.

Mama M'Lugendo alikuwa mjane. Shamba lake lilianzia nyuma ya pipa letu la maji na kushuka mpaka kwenye kijito. Yeye ndiye aliyetuuzia mboga zote: lenga-lenga, kabichi, maharagwe mabichi. Aliziweka kwenye kizingiti cha jikoni, akatukana kidogo upishi wa Papa Bisimwa, akarudi kwenye jembe. Walikuwa watu wa ukoo mmoja, na matusi hayo yalikuwa ndiyo salamu zao.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Wageni, wakishakula, huuliza. Nani alijenga hapa? Jina hili maana yake nini? Kabla yangu, Papa Bisimwa alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Ni muzungu moja. Alipenda sana supu." Mimi niliona aibu. Niliona mtu wa sekondari hawezi kuacha mji wake ujulikane kwa supu. Nikaanza kueleza. Mgeni wa kwanza nilimwambia kidogo, yale niliyoyasikia njiani. Wa pili nikamwongezea. Mgeni akitikisa kichwa kwa kupendezwa, jambo lile lilibaki ndani ya historia. Akipiga miayo, nililitoa. Baada ya mwaka mmoja Nyamukola ilikuwa na historia nzuri sana, ndefu ya kutosha kahawa mbili, na sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja.

Ndipo akapita mkubwa mmoja wa zone, wilaya yetu. Ilikuwa miaka ya kurudia asili yetu, na kila mkubwa alitaka kuona asili mahali alipolala. Alinisikiliza kwenye baraza, akaniita raia kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, akasema, "Citoyen Gérant, hii inafaa iandikwe. Andika, uiweke kwenye kioo, wageni wote wasome."

Nilikaa siku tatu na kamusi ya Kifaransa. Kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni kwa Mama M'Lugendo palikuwa na hatua labda mia mbili, na kwa chefu mbali kidogo zaidi. Sikwenda kokote. Niliandika kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa wino mweusi, na sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Kabla ya nyumba hii, mahali hapa palikuwa pori tupu, bila mtu wala jembe." Niliipenda kwa sababu ya mlio wake. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Nilipoitundika karatasi sebuleni, Papa Bisimwa aliniomba nimsomee. Alisikiliza amekunja mikono juu ya aproni.

"Pori?" akauliza. "Wakati banachimba musingi ya hii nyumba, miye nilikuwa hapa. Tulikanyaga maharagwe ya baba mukwe wa M'Lugendo, akatufukuza na fimbo."

"Papa," nikamjibu, "hii ni historia. Haiwezi kutaja kila haragwe."

"Sawa. Miye niko mupishi tu."

Akarudi jikoni. Siku ile alinipa supu bila chumvi, na sikuelewa.

Miezi kadhaa ikapita, na karatasi ikaanza kuwa ya manjano pembeni. Kisha serikali ikatwaa mali za wageni wa nje na kuzigawia raia. Nyumba yetu akapewa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye sitamtaja jina. Sisi tulimwita Patron. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa mipango. Alizunguka nyumba mara moja, akasimama karibu na pipa, akatazama chini kuelekea kijito, akasema pale patafaa kujenga vyumba vingine vinne.

"Pale ni shamba ya Mama M'Lugendo, Patron," nikasema. Hilo angalau nililisema.

"Ana karatasi?"

Hakuwa na karatasi. Alikuwa na ng'ombe. Wazee wenu wanajua, lakini ninyi mliozaliwa mjini niwaeleze: kwetu Bushi, mtu aliyetaka ardhi ya kudumu alimpelekea mwami, mfalme wetu, ng'ombe mbele ya mashahidi. Ng'ombe huyo anaitwa kalinzi. Akishapokelewa, shamba ni la kwako na la watoto wako, na ushahidi ni vichwa vya watu waliokuwapo siku ile. Baba mkwe wa Mama M'Lugendo alitoa kalinzi ya shamba lile. Shida ni kwamba karatasi hukaa ukutani, na mashahidi hufa. Walikuwa wamekufa wote.

Kesi ilisikilizwa kwenye baraza ya ofisi ya chefu, siku ya soko, kwa hiyo nusu ya centre ilikuwa imesimama pale na vikapu. Mama M'Lugendo alikuja na jembe lake, kwa sababu alikusudia kurudi kulima mara tu mambo yatakapoisha. Alieleza rangi ya ng'ombe, pembe yake iliyopinda, na njia waliyompitisha. Papa Bisimwa akasimama kusema juu ya msingi na maharagwe. Patron akamuuliza kwa upole:

"Papa, huyu mama ni wa ukoo wako?"

"Ndiyo, ni wa kwetu."

"Na mboga unayopika inatoka kwake?"

"Ndiyo. Ni muzuri."

Watu wakacheka, na ushahidi wake ukaishia hapo. Kisha Patron akafungua gazeti alilokuwa amelishika kwapani. Ndani yake mlikuwa na karatasi yangu, na kioo chake, na msumari wake. Aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, taratibu, na alipofika kwenye sentensi ile akairudia. Pori tupu. Bila mtu wala jembe. Mama M'Lugendo akatazama jembe lililokuwa mkononi mwake.

Chefu akaniita mbele. Alikuwa mtu mwenye haki kwa kiasi chake, alitaka kujua. Lakini kabla hajaniuliza, mama yule akaniuliza yeye.

"Mwanangu, ni weye uliandika?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alikuambia?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu lake lilikuwa dogo zaidi: hakuna mtu. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni. Mtasema nilimwogopa Patron, na kweli nilimwogopa, lakini si hilo. Niliwatazama watu wa soko, wale walioniita Profesa nikipita, nikawaza kwamba sasa watajua mtu wao wa sekondari alikaa mezani siku tatu akitunga. Nikanyoosha shati langu.

"Nilifanya utafiti," nikasema.

Nyuma yangu Papa Bisimwa alikohoa. Alikuwa na kikohozi kimoja tu cha aina hiyo, nilikijua: ni kile alichokitoa yeye pale mgeni aliposifu mchuzi ulioungua. Chefu akaamua kwa kufuata karatasi.

Vyumba vinne vilianza kujengwa kabla maharagwe hayajavunwa. Kuta zilifika usawa wa madirisha. Kisha saruji ikakosekana, kisha Patron akapata mipango mingine huko mjini, na mafundi wakaondoka na mbao zao. Mvua mbili zilitosha: magugu yakajaa humo ndani mpaka mabegani. Nilikuwa nikichota maji ya pipa nikitazama pale, na ilinibidi nikubali kwamba historia yangu sasa ilikuwa ya kweli. Pori tupu, bila mtu wala jembe. Nilitangulia tu wakati.

Mama M'Lugendo aliendelea kutuuzia mboga. Alizileta kutoka kilima kingine, kwenye kipande cha kaka yake, mwendo wa saa moja na kikapu mgongoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliweka kikapu kwenye kizingiti na kuniita kwa sauti tamu:

"Gérant! Njoo uangalie lenga-lenga. Nimeitoa mu pori."

Kesho yake kabichi ya mu pori. Keshokutwa vitunguu vya mu pori. Wageni walimsikia, wakaniuliza kama mboga za porini zina ladha tofauti. Papa Bisimwa aliwajibu kwamba zina uchungu kidogo, ila gérant amezizoea.

Nilivumilia hivyo karibu miaka miwili, nikijiambia kwamba kesi imekwisha. Siku moja, tukikunja shuka, nilimuuliza Papa Bisimwa, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama mama yule angekubali kupokea pole yangu.

"Utapeleka pole na nini?"

"Na maneno."

"Maneno yako anayo tayari," akasema, akavuta shuka mpaka ikaniponyoka. "Peleka kasiksi. Na ubebe mwenyewe. Na upite barabarani, si nyuma ya migomba."

Kwa hiyo nikabeba kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, begani, saa nne asubuhi, katikati ya centre. Kilivuja. Kila mtu aliniuliza naoa wapi. Mama M'Lugendo alinikuta uani pake nimelowa pombe upande mmoja, akanipa kigoda, akawaita majirani watano kabla hajaniruhusu kufungua mdomo. Nilisema niliyopaswa kusema: kwamba sikuuliza mtu, kwamba utafiti haukuwapo, kwamba niliandika kwa sababu ilisikika vizuri.

"Rudia," akasema. "Huyu jirani hasikii muzuri sikio moja."

Nikarudia. Mara tatu, kwa sababu ya lile sikio. Kisha akaanza kucheka, kwanza peke yake, halafu na majirani, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Siku tatu!" alikuwa akisema. "Siku tatu na dictionnaire! Na miye nilikuwa nyuma ya jikoni tu, minapalilia!" Nilicheka pia, kwa sababu kutocheka kungekuwa vibaya zaidi. Kicheko kilipokwisha, alinimiminia kasiksi yangu mwenyewe, akasema, "Haya. Sasa fanya ule utafiti yako."

Nilikaa pale mpaka jua likapita kichwani. Aliniambia ng'ombe, pembe, njia, majina ya mashahidi, aina za maharagwe, mwaka wa njaa walipolima mpaka kwenye kijito. Nilipoandika haraka alinisimamisha na kunitaka nisome. Nilikosea jina la kijito mara mbili.

Karatasi hiyo nilimpelekea chefu kwa mkono wangu, nikamwambia kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo na kwamba siku ya kesi niliongeza uongo wa pili. Aliisoma yote. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ile, nikamwambia niliona aibu. Akatikisa kichwa.

"Aibu ya siku moja, Citoyen," akasema. "Ungeipata siku ile, ingekuwa ya bei rahisi. Leo nyumba na kiwanja viko kwa jina la mtu, na mihuri ni ya mjini. Siwezi kung'oa muhuri ya mjini."

Aliloweza alilifanya. Alimruhusu Mama M'Lugendo kulima ndani ya zile kuta, mpaka mwenye mali atakapopahitaji. Kwa ruhusa. Neno hilo alilirudia, ili nisije nikaandika lingine.

Mama M'Lugendo alipanda maharagwe ndani ya vyumba. Kuta zilizuia mbuzi na upepo, na ninawaambia ukweli, sijaona maharagwe kama yale. Aliingia kwa mlango na kutoka kwa mlango, hata pale ambapo ukuta ulikuwa mfupi wa kuruka. Alinitangazia kwa sauti kutoka huko chini: "Gérant, bageni ba chumba namba tano banatoa maua! Ba namba saba banalia maji!" Papa Bisimwa alimuuliza kama anataka apelekewe ndoo mbili, ya moto na ya baridi. Nakala ya karatasi mpya niliitundika sebuleni mahali pa ile ya zamani. Wageni wachache waliisoma mpaka mwisho, kwa sababu ilikuwa na majina mengi na hakuna sentensi nzuri.

Nawashauri basi, ninyi mnaokaa sasa kwenye mapokezi na kuulizwa na wageni: mkiwa hamjui, semeni supu. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijaona mgeni aliyedhurika kwa jibu la Papa Bisimwa.

Nimalizie na siku moja tu. Ilikuwa karibu na kuhamishwa kwangu kuja Bukavu. Nilikuwa barazani nikijaza kitabu cha wageni, kile chenye safu za kuuliza mtu anatoka wapi na anakwenda wapi, maana askari walipenda kukikagua. Mama M'Lugendo alipanda kutoka chini na kikapu cha maharagwe, akakaa kwenye ngazi kupumzika. Umri ulikuwa umemfikia. Alitazama kalamu ikitembea.

"Unaandika nini?"

"Bageni, mama. Kila mutu anayelala hapa."

"Na wale banaolima hapa?" Akasogea karibu. "Niandike. Miye niko mu chumba namba sita, hii mwaka ya nne. Kwa ruhusa."

Tulicheka wote wawili. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, naye akakaa wima kama mtu anayepigwa picha.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza, kwa sauti ya kazi.

"Hapa."

"Unaenda wapi?"

"Hapa."

"Sababu ya safari?"

Alikuwa bado anatabasamu. Aliinua kikapu, akakitia mgongoni, akapitisha kamba kwenye paji la uso.

"Ile," akasema, "ni weye unajua."

Akateremka ngazi. Nilibaki na kalamu juu ya safu ile mpaka wino ukadondoka, na pale penye sababu sikuandika kitu.